Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: wafugaji waulizwe kabla ya kuchora ramani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo. Mimi mkulima wa ufuta na korosho huku Nachingwea, leo nawasemea wafugaji kuhusu mpaka wa eneo la malisho ambao wapimaji watarudi kuuchora, na najua wakulima wenzangu wengine watanuna.

Hasira zao nazielewa sana. Ufuta ukishakatwa tunaufunga vitita tunavisimamisha shambani vikauke, maganda yanaanza kupasuka juu, sasa hapo ng'ombe akipita akagusa tu basi mbegu zote chini, huziokoti tena, ni ada ya mtoto imemwagika pale.

Ila hawa wafugaji hawakuja kwa kujipendea. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Usangu na Ihefu kule Mbeya ili maji ya mto Ruaha Mkuu yapone, wengi wakaelekezwa Lindi. Kijijini kwetu wakatengewa eneo la malisho, kwenye ramani lipo zuri kabisa, lakini halina lambo la maji, halina josho la kuogeshea ng'ombe, na mbung'o wamejaa, sasa ng'ombe atakaa huko anywe nini? Anashuka bondeni kwenye mashamba. Akifukuzwa bondeni anaingia porini kwa wanyama, huko nako anakamatwa.

Mheshimiwa, wafugaji wana elimu yao. Kule nyanda za juu za Ngorongoro, ambako tangu 1959 sheria iliruhusu mifugo na wanyamapori kukaa pamoja, nyumbu wakianza kuzaa tambarare, kama Januari mpaka Machi hivi, Wamasai wanapandisha ng'ombe milimani kwa sababu ndama wa nyumbu wanaambukiza ng'ombe ugonjwa unaoua. Tambarare anabaki nayo nyumbu. Na wana alalili, malisho ya akiba ambayo yanafungwa wakati wa mvua yanafunguliwa kiangazi. Hiyo ni hifadhi jamani, tena ya siku nyingi.

Huku hatuna milima ile, tuna miombo na tembo wanaotoka upande wa Liwale, kwa hiyo siombi tuige kila kitu. Naomba wapimaji wakirudi wakae kwanza na wazee wa wafugaji, wa Kisukuma na Kimang'ati, pamoja na sisi wakulima, waulize mbung'o wanazidi wapi na miezi gani, tembo wanapita wapi, maji yanabaki wapi mwezi wa kumi. Ndo mpaka uchorwe. Na lambo lichimbwe kabla watu hawajaambiwa wahamie, maana bila maji ng'ombe watashuka tena mashambani, na ufuta tunaanza kukata mwezi wa tano na wa sita.