YAH: Boti mliyotukodisha Nungwi tarehe 12 Julai

15 Julai 2025

Kwa Meneja,

Salamu. Najitahidi kuandika kwa adabu kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Boti yenu ya starehe tuliyoikodi Jumamosi kwenda kisiwa cha Mnemba, watu tisa, shilingi 1,200,000 zote zikalipwa kabla hatujapanda, ilituzimikia kwenye mkondo wa Nungwi wakati wa kurudi. Masharti yenu mnayajua, sina haja ya kuyanakili.

Injini kuzimika si ajabu. Nina miaka 14 katika ufundi wa injini za boti. Lakini hii iliuliwa. Tangu tunang'oa nanga Mnemba niliona ekzosi haitemi maji. Maji ya bahari ya kuipoza yasipozunguka, injini inaungua. Unafungua chujio, unatoa mwani, unatazama na mpira wa pampu. Nilimwambia nahodha. Akajibu kwamba nahodha ni yeye. Kengele ya joto ilipolia, akaizima kengele, injini akaiacha iendelee.

Mama yangu ana miaka 71. Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama upande huohuo wa Nungwi, alimpoteza mdogo wake. Tangu hapo hakupanda chombo. Mimi ndiye niliyembembeleza, nikamwambia kampuni hii ina vifaa vyote. Boti ilipozimika alimwomba nahodha kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nipatie boya, hata moja, nimvishe mjukuu." Nahodha akamjibu mbele ya watoto: "Ukiogopa maji, bibi, ungebaki kwako."

Asubuhi ile pwani niliuliza jaketi za kuokolea ziko wapi. Karani wenu alisema zimo botini, tusiwe na wasiwasi. Kweli zilikuwamo. Redio ya VHF nayo ilikuwamo, haina waya wa antena, kwa hiyo chaneli 16, ya kuomba msaada baharini, hatukuipata. Pampu ya ngama, ya kutoa maji yaliyoingia chini ya chombo, haikufanya kazi. Kijana wenu alifua maji kwa kopo la rangi. Upepo wa kusi unavuma, maji ya bamvua yamekaza, na chombo kinapelekwa.

Nalirudia la mama, kwa sababu mtu wenu wa ofisini aliniambia kwa simu kuwa huko ni "kutoelewana". Mwanamke wa miaka 71 ameshika mkono wa mtoto wa miaka minne, maji yanaingia tezini, nyuma ya boti, anaomba boya. Jaketi zimo ndani ya benchi aliyoikalia mwenyewe. Benchi ina kufuli. Ufunguo umeachwa pwani. Nahodha anajua hayo yote, na jibu lake kwa mama yangu ni kwamba angebaki kwake. Mama hakusema neno tena. Alimfunga mtoto kifuani kwa kanga yake. Kufuli nililivunja mimi kwa spana: jaketi sita kwa watu tisa, mbili mikanda imekatika, ya mtoto hakuna hata moja.

Waliotuvuta hadi ufukweni ni wavuvi wa mashua, na senti moja hawakuitaka.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai nusu ya fedha. Sasa nadai zote, kabla ya Jumatatu tarehe 21 Julai. Nadai pia nahodha huyo, pamoja nawe Meneja, mfike nyumbani kwa mama yangu mmwombe radhi ana kwa ana. Kwa simu hatapokea. Na boti isitoke tena mpaka chujio, pampu, redio na jaketi za wakubwa na watoto vikaguliwe.

Nilitaka kuwapa siku hizo sita kabla ya kwenda Mamlaka ya Usafiri Baharini. Lakini jana nimeiona boti hiyohiyo ikipakia wageni, na watoto wamo. Kwa hiyo nakala ya barua hii naipeleka Mamlaka kesho asubuhi, mnijibu msinijibu, na fedha zisipofika tarehe 21 tutaonana mahakamani. Picha za kufuli na za redio ninazo, na wale wavuvi wamekubali kutoa ushahidi.

Mteja wenu wa tarehe 12 Julai