Mama Pacha, kuhusu ile elfu mbili ya Doto

Mama Pacha wangu,

Bwana asifiwe shoga. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala sikuambulia kitu, ya pili usiku watoto wamelala ndo nikaisikia yote mpaka pale mwishoni unavuta makamasi, pole sana mwenzangu. Nimeona nikikujibu kwa voisi nitaongea nusu saa na bando lenyewe unalijua, acha nikuandikie utasoma taratibu ukishapakua chakula.

Kwa nilivyoelewa, Doto kachukua elfu mbili kwenye pochi, umemuuliza kakana, umemkalisha umemsomea Amri Kumi zote mpaka ya mwisho, kakuangalia usoni kakwambia "sijachukua", af jioni Kulwa ndo kaja kumchoma. Na baba yao anasema fimbo, kakutolea na Mithali 13:24. Mambo ya fimbo tutaongea tukionana, leo siyawezi. Ila umeniuliza mimi nafanyaje na wa kwangu, umesikia siku hizi nimekuwa bibi wa hadithi. Ni kweli, umesikia sawa. Lakini nikwambie kwanza nilivyoharibu.

Ilianza kile kipindi umeme ulikuwa unakatika kila usiku, TV kimya, simu hazina chaji, watoto watatu wananikodolea macho kwenye giza kama mimi ndo TANESCO. Nikasema hadithi hadithi, wakaitikia hadithi njoo, nikawapa ya sungura na fisi kama bibi alivyokuwa anatupa sisi. Wakanogewa hao! Nikajiambia ee, kumbe dawa ndo hii, na kesho yake nikataka kuitumia kama dawa kweli. Yule wangu wa kati, wa darasa la tatu, alikuwa na katabia ka kuacha madaftari shule makusudi ili asifanye homuweki. Basi nikaanza, hapo zamani za kale alikuwepo mtoto mmoja wa darasa la tatu, ana begi la bluu, zipu imeharibika... Hata sijafika mbali akanikata, "Mama, si useme tu ni mimi." Wenzake wakacheka, yeye akajifunika shuka mpaka kichwani.

Shoga niliona aibu. Hadithi nimeigeuza fimbo, tena fimbo ya mbele za watu.

Ndo nikarudi kumsoma Nathani, yule nabii aliyetumwa kwa mfalme Daudi, 2 Samweli 12, tunayoisikia kanisani kila mara lakini siku hiyo nikaisoma kama mama. Nathani hakuja na begi la bluu. Amekuja na mwana-kondoo, maskini wa watu hana kingine, kamlea na watoto wake, anakula naye, anamlalisha kifuani kama binti yake, halafu tajiri mwenye makundi kamchukua huyohuyo mmoja kamchinjia mgeni. Na Daudi mwenyewe kakulia kwenye kondoo, anajua kondoo ni nini. Ungemwuliza moja kwa moja habari za Uria, yule askari aliyemuua akamchukua mke, angekuwa na majibu kumi, mfalme hakosi majibu. Lakini kwa huyu tajiri ambaye hata hayupo hasira ikampanda, kahukumu mwenyewe kwa mdomo wake, alipe mara nne. Ndipo Nathani akasema "Wewe ndiwe mtu huyo."

Sasa hapo mimi nina maoni yangu, utaniambia kama nimekosea. Nathani alikuwa nabii, katumwa na Bwana kwa mtu mzima aliyeua. Mimi niko na mtoto ambaye bado anang'oka meno. Ile sentensi ya mwisho huwa naimeza. Mara nyingine mtoto anaisema mwenyewe, mara nyingine anaisema siku ya tatu tukiwa tunaosha vyombo, na mara nyingine haisemi kabisa, tunaendelea na maisha.

Baadae nikaanza na michezo ya "ungekuwa wewe". Hii hata haihitaji ufundi wa kutunga, unaweza kuifanya ukiwa unachagua mchele. Nilianza na chenji. Nikawaambia nimekutuma sukari kwa Mangi, nimekupa elfu tano, amekurudishia chenji kama vile umempa elfu kumi, na umeshafika getini ndo unahesabu, unafanyaje? Wa kati akajibu palepale, "Narudisha nusu." Nikamwuliza kwa nini nusu. "Nusu ya Mungu, nusu ya usumbufu wa kurudi."

Nilijing'ata ulimi jamani! Mkubwa naye akadakia kwamba Mangi mwenyewe anapunja kwenye mzani kwa hiyo ngoma droo, kadogo kakasema kananunua pipi zote halafu kanampa Mangi moja. Mahubiri yalikuwa yameshanijaa mdomoni, usiibe, macho ya Bwana yapo kila mahali, yote. Nikayameza nikauliza kitu kimoja tu, je, jioni wakifunga hesabu inakuwaje? Kimya. Halafu wa kati akasema polepole, "Anayeuza pale siyo Mangi. Ni yule kaka. Atakatwa." Unajua yule kaka huwa anawaongezea karanga kiganjani wakienda kununua kitu. Akakaa anafikiria weee, mpaka akasema basi anarudisha yote ila aende mkubwa, yeye amechoka.

Wiki iliyofuata tukasoma Zakayo, yule mtoza ushuru, Luka 19, tulipofika "nusu ya mali yangu nawapa maskini" karuka kwenye kochi, "Mama si unaona! Hata Zakayo alitoa nusu!" Tumecheka mpaka baba yao akatoka bafuni kuuliza kuna nini. Nikamwambia soma mbele, akakuta "namrudishia mara nne", akapiga hesabu kwa vidole, elfu tano mara nne, elfu ishirini, akanuna. Kwamba ni "mara nne" ileile ya Daudi wala sikumwambia, atakutana nayo mwenyewe.

Sasa kwa Doto wako. Mimi nisingemtungia hadithi ya pesa kwenye pochi, ataijua kabla hujafika sentensi ya pili. Na pia sidhani kama shida yake sasa hivi ni ile elfu mbili, imeshaliwa hiyo. Shida ni kwamba amesema "sijachukua" na hajui anashukaje. Uongo ni kama kupanda mwembe, kupanda unapanda fasta, ukiangalia chini ndo miguu inaanza kutetemeka. Mtungie binti kavunja chungu cha bibi yake, kaficha vigae nyuma ya kuni, na kila siku bibi anauliza "jamani chungu changu kiko wapi", na kila siku zile kuni zinapungua. Hapo nyamaza. Mwulize tu, sasa huyu binti afanyeje? Afu usimalizie! Najua ulimi wako shoga, na wangu ni huohuo. Hata Mungu pale Edeni aliuliza "Uko wapi?" na alikuwa anajua kabisa wako nyuma ya mti gani.

Akisema binti akimbie nyumbani, mwache akimbie, mwulize analala wapi leo. Akisema bibi atampiga, hapo shoga usikilize vizuri, maana anakwambia habari zako wewe na baba yake, siyo za bibi.

Umeniuliza pia habari ya mama mkwe, kwamba kuwatungia watoto vitu visivyokuwepo ni kuwafundisha uongo, tena mambo ya sungura kuongea siyo ya Kikristo. Mwambie kwa heshima asome Waamuzi 9, Yothamu kasimama juu ya mlima anahadithia miti inayotafuta mfalme, mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa, mti wa miiba unakubali. Miti inaongea humo ndani ya Biblia na hakuna aliyemwambia ni mwongo. Na Mathayo 13:34 inasema Yesu pasipo mfano hakuwaambia neno. Ila mwambie taratibu, usije ukasema nimekutuma.

Kuna moja ilinirudi mwenyewe. Msamaria mwema nikaileta huku kwetu, bodaboda kaanguka barabara ya Shinyanga usiku, kaibiwa pikipiki, kaachwa mtaroni. Anapita mchungaji na gari anawahi semina. Anapita mwanakwaya na sare yake, anaogopa damu. Nikataka mtu wa tatu awe mtu ambaye sisi hapa nyumbani hatumpendi, maana Wayahudi na Wasamaria ndo ilikuwa hivyo, kadogo kakamtaja yule mama wa nyumba ya nyuma tuliyegombana naye mambo ya maji. Sauti ikanikatikia. Unakumbuka Luka 10 mwishoni, Yesu anamwuliza mwanasheria nani alikuwa jirani yake, na yule bwana neno "Msamaria" linamshinda, anasema "huyo aliyemwonea huruma"? Mimi pia nilisema "basi yule mama akashuka", jina sikulitaja. Watoto waliona. Sijamaliza na huyo mama bado, niombee.

Nisisahau hili, fanya na wa kwako wiki hii hii. Niliwauliza, umetoka shule, kuna anko kwenye boda anakwambia mama yako kanituma nikuchukue, anaumwa, unafanyaje? Kadogo kangu, kamefundishwa adabu, kakajibu "Namwambia shikamoo, halafu napanda." Nilisikia baridi mgongoni. Sisi tumewafundisha kuheshimu wakubwa mpaka tumesahau kuwafundisha kukataa. Tukatunga neno la siri la nyumbani, asiyelijua hambebi mtu hata awe nani, hata awe wa kanisani. Na tukarudia rudia kama igizo, baba yao anakuwa anko, wao wanakimbilia kwa mwalimu. Namba 116, ile simu ya kusaidia watoto, nayo wameishika kichwani.

Cha kuogopesha ndo sifanyi tena. Niliwahi kumwelezea wa kati moto wa milele kwa undani sana kisa kamtukana mwenzake, alikojoa kitandani siku tatu. Tuachie hapo.

Baba yao yeye hatungi, hana kipaji hicho, anasimulia ya kwake. Alivyokula hela ya sadaka akanunua ubuyu, akaingia shule ya Jumapili na mdomo mwekundu anaimba. Watoto wanaipenda hiyo kuliko zote, wanaidai. Mwanzo nilimkataza nikasema unajivunjia heshima, akanionyesha Zaburi 78, inasema hatutawaficha wana wao, halafu ukiendelea kusoma inasimulia na ukaidi wa mababa mstari baada ya mstari. Nikanyamaza.

Ila hili nalokwambia sasa hivi ndo limenifanya nikae niandike usiku huu wote. Mwana mpotevu, Luka 15, yule aliyetapanya mali akarudi baba akamfanyia sherehe. Wote tunaisimulia mpaka ndama aliyenona halafu tunasema amina. Mwezi uliopita nikaimalizia hadi kwa yule kaka mkubwa, amekasirika yuko nje, baba katoka kumsihi, na Luka anaiacha hapo, hasemi kama aliingia au hakuingia. Nikawauliza, je, aliingia? Wadogo wakasema aliingia kwa sababu ya nyama. Mkubwa wangu, yule mpole, yule ambaye sijawahi kukulalamikia hata siku moja, akasema "Hakuingia. Alikaa nje mpaka ngoma zikaisha."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwa sababu hakuna mtu aliyemwita sherehe ilivyoanza, ilibidi amwulize mtumishi. Mama Pacha, hii sura nimeisoma tangu sijaolewa, sijawahi kuliona hilo, na ukienda kuangalia lipo, mstari wa 26. Tukakaa kidogo, halafu akasema akiangalia mkeka, "Kama ile besdei." Siku ya besdei ya kadogo nilimtuma akachote maji kwa sababu bomba lilikuwa halitoi, akakuta foleni, aliporudi na ndoo mbili tumeshakata keki, tumeshaimba, sahani yake nimeiwekea kifuniko. Nilijua nimemtunzia. Yeye alikuwa ameishika hiyo miezi mitano na hajasema kitu, na mimi kila siku nasema huyu mkubwa hanisumbui.

Sikumsomea mstari. Nilimwambia baba alikosea kutomtuma mtu amwite, na mimi nilikosea. Akasema sawa. Na "sawa" ya watoto wa umri huo unaijua inavyokuwa.

Basi shoga, jaribu chungu cha bibi uniambie Doto kasema nini, na ukipata mtu anakuja Mwanza usiache kunitumia zabibu, safari hii usizifunge kwenye mfuko wa plastiki zilifika uji. Mimi nitakuandalia dagaa na sato mkavu.

Jana nilimwuliza tena mkubwa tukiwa tunaanua nguo, yule kaka vipi, ameshaingia? Akasema, "Bado yuko nje. Ila amesogea mlangoni." Nikampa kapu la vibanio akashika, tukaendelea kuanua.

Wasalimie pacha wote, na baba yao.

Mimi shoga yako wa Mwanza