Maandalizi ya kikao kuhusu Cornwall na Wales

Ndugu wanakikundi, salaam.

Jumamosi saa kumi jioni tutajadili namna Wakornishi (watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza) na Wawelshi (watu wa Wales, upande wa magharibi) wanavyoweza kukuza uhusiano wao wa kiutamaduni na kiuchumi, nami naomba kila mmoja aje amejiandaa.

Undugu wa lugha zao husikika hata mezani, kwani mkate ni bara kwa wote wawili. Mwaka 1928, Gorsedh Kernow, baraza la Wakornishi la washairi na watetezi wa lugha, lilipozinduliwa kwenye duara la mawe la Boscawen-Un, wenzao wa Wales ndio waliowasimika wanachama wake.

Kwenye uchumi ningependa tukae zaidi. Katika karne ya 18 na ya 19, meli zilipeleka mawe ya shaba kutoka Cornwall hadi Swansea, bandari ya kusini mwa Wales, kwa sababu kuyayeyusha kulihitaji makaa ya mawe mengi ambayo Cornwall haikuwa nayo, kisha zikarudi na makaa ya kuendeshea mashine za mvuke zilizovuta maji migodini. Hata hivyo, wenye migodi walilalamikia bei ndogo waliyolipwa na wayeyushaji, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kukumbukwa leo, pande zote mbili zinapotazamia mitambo ya upepo inayoelea katika Bahari ya Kelti, iliyo baharini kati ya Cornwall, Wales na Ayalandi.

Tafadhali nitumieni mapendekezo yenu kabla ya Ijumaa jioni, hasa kuhusu bandari, mafunzo ya kazi na kubadilishana walimu wa lugha.