Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi cha kilimo: mlichokinyunyizia dawa hakikuwa pori

Wajukuu zangu,

Nilisubiri hasira ipungue kabla ya kuwaandikia, lakini haijapungua yote, na mtaikuta humu. Msimu huu, baada ya mvua za kwanza, mlikodi pampu za kunyunyizia dawa mkapita shamba lote la pamoja kuanzia barabarani hadi korongoni, mkapita na mipakani, kwenye vichuguu na ukingoni mwa korongo, mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyekusudia kupanda kitu. Akina mama walipokwenda kuchuma mlenda na mgagani kama ilivyo desturi yao, walikuta majani yamejikunja na kugeuka njano, na wako waliokuwa wamekwisha kuchuma kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba dawa imepigwa. Mlipoulizwa, mmoja wenu alijibu mbele ya wazee kwamba mmesafisha pori.

Halikuwa pori. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili kama Mungu akijalia, na mboga ya kwanza inayotoka ardhini baada ya kiangazi haipandwi na mtu. Mlenda, mgagani, mnavu na mchicha huota wenyewe mashambani, na huota vizuri kwa sababu ardhi imelimwa. Nendeni kwenye vichaka ambavyo havijaguswa na jembe muone mtapata mgagani kiasi gani. Mimea hii imefuatana na mkulima tangu zamani, na shamba lisipolimwa hupotea, lakini likilimwa kwa namna mlivyofanya ninyi hupotea haraka zaidi.

Ngoja niwaeleze palizi ya mama yangu, kwa sababu naona mnadhani wazee walikuwa wanaacha magugu kwa uvivu. Katika palizi ya kwanza alipita na jembe akikata nyasi, lakini kila alipofika kwenye mgagani au mlenda, jembe lilizunguka. Tulichuma majani hayo kwa wiki kadhaa, tukayapika na karanga au maziwa ili kupunguza uchungu wa mgagani. Katika palizi ya pili aliing'oa mingi, maana alijua kwamba ikizidi inanyang'anyana maji na uwele, lakini hakuimaliza. Alibakiza ile iliyochelewa kutoa maua, kwa kuwa mmea unaowahi kutoa maua huwahi kuishiwa majani, akaiacha karibu na kichuguu ikomae na kupasua maganda yake ya mbegu hapohapo. Nikiung'oa kwa kutojua, nilichapwa. Mbegu ya mgagani ikiwa mbichi hukataa kuota kwa miezi kadhaa, kwa hiyo ililala ardhini hadi mvua nyingine. Huyo mwanamke alikuwa anachagua mbegu, anapanga nafasi na anaandaa msimu ujao, ingawa hakuna daftari la kilimo lililowahi kuandika kazi hiyo. Mlenda uliozidi ulianikwa, ukatwangwa ukawa unga, ukawekwa kwenye kibuyu, na mwezi wa Oktoba, wakati hakuna jani bichi popote, ndio tuliolia ugali.

Sasa tuzungumzie dawa yenyewe, maana naamini mliinunua bila kuuliza inafanyaje kazi. Iko dawa inayoua kila jani la kijani, na iko inayochagua, ambayo huua mimea ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, walimo mahindi, mtama na uwele. Ninyi mlipiga hiyo ya pili, na muuzaji aliwasifia kwamba haitagusa mahindi yenu. Hakuwaambia kwamba kunde, njugu mawe, karanga, choroko na maboga, vyote vina majani mapana. Siku mlipoikubali chupa ile mliufuta mlenda, na papo hapo mkafuta kilimo cha mchanganyiko chote, kwa sababu hamwezi tena kupanda kunde katikati ya nafaka. Kunde na njugu mawe ndizo zilizokuwa zikivuta naitrojeni ya hewani na kuirutubishia ardhi kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Bila hizo mtarudi kwa muuzaji yuleyule kununua mbolea. Na nyasi ambazo dawa haikuziua zitawasumbua mwakani kuliko mwaka huu.

Sisemi kila gugu lihifadhiwe. Kiduha king'oeni kabla hakijatoa maua, bila huruma, kwa sababu mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa nafaka. Lakini fahamuni kwamba kiduha huunyonya mtama chini ya ardhi kabla hakijachomoza, hivyo mnapokiona na kukinyunyizia, madhara yamekwisha kufanyika. Baadhi ya aina za kunde huziamsha mbegu za kiduha, nazo zikiota hukosa pa kujishikiza zikafa. Hizo ndizo kunde ambazo dawa yenu hairuhusu.

Najua kwa nini mmekimbia mtama na uwele: kwelea kwelea. Kuamia ndege tangu alfajiri hadi jioni ni kazi ngumu, na siwalaumu kwa kuichoka. Ninachowalaumu ni kutupa mbegu zilizokuwa na kinga yake. Ule mtama mwekundu mliouita mchungu una uchungu ambao hata ndege huukwepa wakipata kingine, na uwele wenye manyoya marefu huwazuia kudonoa. Mlipoletewa mtama mweupe mfupi, mtamu, unaokomaa mapema, mliupokea, na mlifanya vizuri kuupokea. Lakini mkapika mbegu ya ule wa zamani yote hadi punje ya mwisho. Kwa nini hamkubakiza hata mistari michache?

Lawama hii si yenu peke yenu. Mmesoma shule ambako hamkufundishwa jina la mmea hata mmoja unaoota nyuma ya darasa. Mmekuta takwimu za kilimo zinazohesabu magunia ya mahindi na kupita juu ya mlenda kana kwamba haujawahi kulisha mtu. Mmekulia katika nyumba ambamo mgeni akija mlenda unafichwa na kuku anachinjwa, huku unga wa mlenda huohuo ukiuzwa kwa bei nzuri mjini. Mtama ulianza kulimwa mashariki ya Sudan yapata miaka 5,000 iliyopita, na mahindi ni mgeni aliyetoka Amerika juzijuzi tu, lakini sisi wazee tumewaacha vijana waamini kwamba mahindi ndiyo chakula na vingine ni vya wakati wa njaa. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, uwele, ulezi na jamaa zake, na kijijini kwetu sikuona hata kikao kimoja kikiitishwa kwa sababu hiyo.

Mmoja wenu aliniambia nisihofu, kwa kuwa mbegu zimehifadhiwa Arusha. Ni kweli kwamba Arusha kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi mbegu za mimea, na kule Svalbard nchini Norwei lipo ghala la mbegu lililofunguliwa mwaka 2008 ndani ya mlima ambao ardhi yake imeganda kwa baridi. Nashukuru vipo. Lakini mbegu iliyo ndani ya jokofu haikutani na ukame wa mwaka huu wala wadudu wapya, na haichanganyiki na mtama mwitu wa mpakani, ambao huweza kuuongezea mtama wetu nguvu. Tena jokofu halimfundishi binti wa mtu namna ya kukausha mlenda.

Ninachowaomba si kikubwa. Acheni ukanda usiopigwa dawa kuzunguka shamba lote na kwenye kila kichuguu, na mkipiga dawa mahali pengine, mtangaze siku moja kabla ili watu wasichume. Pandeni mtama mwekundu katika mistari ya pembeni. Chagueni masuke ya mbegu kabla ya kuvuna, yakiwa bado yamesimama. Kwa uwele chukueni kutoka mimea mingi, kwa kuwa huchavushwa na upepo na mbegu ya mimea michache hudhoofika. Njugu mawe za rangi mbalimbali msizichambue mkabakiza nyeupe peke yake. Changanyeni kunde na majivu kabla ya kuzihifadhi. Na mkitaka kuuza mbegu, ulizeni kwa afisa ugani kuhusu mbegu za daraja la kuazimiwa, ambazo mkulima aliyesajiliwa anaruhusiwa kuzalisha na kuuza katika eneo lake.

Mbegu ya uwele wenye manyoya ipo kwangu, juu ya jiko, imefukizwa moshi vizuri. Njooni mwezi wa Novemba kabla ya mvua; nitampa kila mmoja wenu kibaba kimoja, kwa sharti kwamba baada ya mavuno anirudishie viwili.

Bibi yenu