Dozi za kifua kikuu zisikatizwe baharini

Mhariri,

Wavuvi wa Lamu wanaotibiwa kifua kikuu wachukue kliniki dozi za siku zote watakazokuwa baharini, wazifunge vizuri zisiingie maji. Tiba ya kawaida ni miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Kikohozi hukoma mapema, lakini vijidudu vilivyolala bado vimo. Ukiacha hapo, vilivyosalia huweza kuwa sugu. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni rifampisini hiyo, mojawapo ya dawa hizo. Macho yakiwa manjano au uoni ukififia, acha dawa, urudi kliniki siku hiyo hiyo. Ramadhani, dozi nzima imezwe usiku kwa mkupuo mmoja. Na rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Akina mama waambiwe tangu siku ya kwanza.

Mhudumu wa afya,
Lamu