Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Tiba ya Viungo: leseni iliyokufa isiendelee kudai

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: HATI ZA UTHIBITISHO WA LESENI ZILIZOKWISHA MUDA

Kwa heshima nakuandikia kuhusu kanuni moja tu ya bodi yako. Nakala ya Kiingereza nimekwisha kuituma ofisini kwako kwa posta. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu wa Afrika Mashariki tunaofanya kazi hii hapa Marekani, ambao baadhi yao wamekwama palepale nilipokwama mimi. Jina la jimbo lako silitaji, kwa kuwa ombi langu lingali mezani kwenu, na wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo wa mikataba ya muda mfupi. Mkataba wa kawaida ni wa wiki 13: hospitali ya mji mdogo inapungukiwa na mtu, wakala ananipigia simu, nami nafunga virago. Kwa kuwa leseni ya kazi yetu hutolewa na jimbo wala si na serikali kuu, kila mpaka ninaouvuka hunirudisha kuwa mwombaji mpya, ingawa mtihani wa kitaifa, NPTE, ni mmoja kwa nchi nzima na alama ya kufaulu ni 600 popote uendapo. Matokeo ya mtihani huo hupelekwa kwenu na FSBPT, lile shirikisho la bodi za majimbo, kwa kompyuta na kwa ada. Kisha huja alama za vidole kwa ajili ya kumbukumbu za polisi na, katika majimbo mengi, mtihani wa sheria za jimbo husika. Katika hayo sina la kulalamikia. Hata mtihani wa sheria, ambao wenzangu huununia, nauona una haki yake, kwani sindano kavu, yaani zisizo na dawa, ninazoruhusiwa kuchoma kwenye misuli ya mgonjwa katika jimbo moja zinaweza kunifikisha mbele ya bodi katika jimbo jingine.

Linalonileta kwako ni fomu ya uthibitisho. Bodi yako hutaka kila jimbo ambalo mwombaji amewahi kupewa leseni, iwe hai au iliyokwisha muda, lilete hati yenye muhuri moja kwa moja ofisini kwenu, katika bahasha iliyofungwa. Nimewahi kuwa na leseni katika majimbo manne. Matatu yalijibu ndani ya siku chache. La nne, nililofanyia kazi mkataba mmoja tu miaka mingi iliyopita na kuiacha leseni yake ife kifo cha kawaida, lilitaka kwanza hundi ya karatasi kwa posta, likairudisha kwa sababu ada ilikuwa imepanda, na hati ilipotoka hatimaye, ofisi yako iliikataa kwa kuwa muhuri wake haukusomeka. Wiki tisa zikawa zimepita. Hospitali iliyokuwa ikinisubiri ikavunja mkataba, nami siwalaumu.

Ninaowafikiria ni wagonjwa wa hospitali hiyo. Mtu aliyebadilishiwa goti husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, na majuma ya mwanzo ndiyo yanayoamua kama goti litakunjika vya kutosha kupanda ngazi. Likiachwa likakakamaa, huenda daktari akalazimika kumrudisha mgonjwa chini ya nusukaputi na kulikunja kwa nguvu. Goti halijui kwamba muhuri wa jimbo fulani umefifia.

Sikatai kwamba kanuni hii ilikuwa na sababu. Ilikuwapo ili mtu aliyenyang'anywa leseni kwa kuwadhuru wagonjwa asihamie jimbo la pili na kuanza upya kana kwamba hakuna lililotokea, na lengo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini leo FSBPT hutunza kanzidata ya mitihani, leseni na adhabu ambayo bodi za majimbo huitumia kupashana habari, na serikali kuu nayo ina hifadhi yake, NPDB, iliyoanza kazi mwaka 1990, ambamo adhabu za bodi kwa watoa huduma za afya huandikwa. Tapeli hunaswa huko. Bahasha, kwa maoni yangu, haimnasi mtu. Humchelewesha tu yule ambaye hana la kuficha.

Zaidi ya hayo, kanuni hii huharibu hata suala la kuhuisha leseni. Leseni hai huonekana kwenye tovuti ya bodi yake na huthibitishwa upesi. Iliyokufa huenda ikalazimu kutafutwa makabatini. Kwa hiyo wapo wenzangu wanaolipia mwaka hadi mwaka leseni wasizozitumia, wakihofia zisije zikageuka karatasi za kufuatiliwa. Kila moja ina kalenda yake: za Florida huisha zote tarehe 30 Novemba ya mwaka witiri, za Texas mwisho wa mwezi uliozaliwa, kila baada ya miaka miwili, na kila jimbo lina hesabu yake ya saa za mafunzo endelevu. Mwenzangu mmoja hubandika tarehe hizo kwenye mlango wa friji, na sasa mlango umejaa.

Najua utanielekeza kwenye mkataba baina ya majimbo, unaomruhusu mwenye leseni ya jimbo moja mwanachama kufanya kazi katika mengine, ule uliopitishwa kwanza na Oregon mwaka 2016 na kuanza kutoa ruhusa za kazi mwaka 2018. Ni mpango mzuri, lakini humfaa tu yule ambaye jimbo lake la makazi ni mwanachama, na jimbo lako kujiunga ni jambo la Bunge lenu, si la meza yako. Hili ninaloomba ni la meza yako: kwamba ofisi yako isome kwanza kanzidata, na idai hati yenye muhuri pale tu ambapo pana adhabu, shauri linaloendelea au taarifa zinazopingana. Na kama hati ya jimbo fulani ni lazima, basi ipokelewe kwa barua pepe kutoka anwani rasmi ya bodi iliyoitoa.

Hati yangu ya nne inachapishwa upya wiki hii. Nimeomba wapige muhuri kwa wino mweusi.

Wako katika kazi,
Mzaliwa wa Tanga, mtaalamu wa tiba ya viungo