Waacheni Wauharibu Ukili: Barua kwa Mabibi Wapya

Mabibi wenzangu, na khasa nyinyi mliopata mjukuu wa kwanza mwaka huu,

Assalaam aleikum.

Kwanza hongereni. Pili poleni, maana najua mmeshaanza kuulizwa: "Sasa wewe bibi mtu mzima, kutwa unafanya nini?" Mimi naulizwa hivyo mwaka wa 15 huu, na jibu langu halijabadilika: nasuka ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, na wajukuu wananiharibia. Barua hii inahusu neno hilo la mwisho. Juzi alinijia mwenzenu mmoja hapa Jambiani, Unguja, analalamika kwamba mjukuu wake hamwachii hata pima moja ya ukili iliyonyooka, na kwamba ameshanunua kufuli la sanduku analowekea ukindu. Nikamwambia asilitie kwanza, nitawaandikia nyote kwa pamoja.

Anayechapa kwenye simu ni mjukuu wangu wa kidato cha pili. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkikuta humu sifa za wasichana wa kidato cha pili, jueni hazikutoka kinywani mwangu.

Ukili sikuupenda tangu mwanzo. Mama yangu alikuwa akisuka hata njiani: fungu la miyaa, yale majani ya kusukia, kwapani, ukili umeviringwa mkononi, anakwenda kisimani huku anapiga gumzo na vidole vinajiendea wenyewe. Mimi nilikalishwa kufundishwa nikiwa na miaka sita. Nikikosea, kikofi cha vidole, na kazi yote inafumuliwa mbele yangu. Nikajua kusuka, na nikachukia kusuka. Kilimo cha mwani kilipoingia huku pwani ya mashariki mwaka 1989 nilikuwa na watoto wawili, nikawa katika wa mwanzo kuuacha ukili na kukamata vigingi na kamba. Mwani siusemi vibaya. Ulitupa fedha tuliyoihesabu kwa mikono yetu wenyewe, na bati la nyumba hii ni la mwani. Lakini ule wa bei, cottonii, maji yakipata moto hufa; ukabaki zaidi spinosum, wa bei ya chini, ambao kuupata mzigo wenye maana lazima uiname sana, na magoti yangu yakakataa. Ndipo nikaurudia ukili, na safari hii sikuitwa na mtu.

Siku zetu huku bado tunazihesabu kwa maji. Likiwa bamvua, bahari hukauka asubuhi, wenye nguvu wote wako mwanini na wadogo wao wameachwa barazani kwangu. Yakiwa maji mafu, bahari isipokauka sana, kila mtu yuko kwao, na wadogo wao wako barazani kwangu vile vile. Nimeacha kutafuta sababu.

Basi tunakaa. Ukindu nanunua kwa mafungu, lile kuti changa la ndani la mkindu ambalo halijafunguka. Tunalichana, tunaanika siku kadhaa mpaka lipate weupe, kisha mafungu machache tunayatia rangi kwenye sufuria la maji yanayotokota. Mama yangu weusi aliutoa kwenye mdaa na unjano kwenye manjano ya jikoni. Mimi nanunua rangi ya unga dukani na sioni haya. Hii ya sufuria ndiyo kazi wanayoigombania, kwa sababu vidole hubaki zambarau siku tatu, na mwalimu wa chuo cha Kurani akiuliza, wote kwa sauti moja: "Bibi!"

Kusuka kwenyewe kunataka ukindu wenye unyevu kidogo. Asubuhi na mapema unatii; jua likipanda unakatika kama kijiti cha kibiriti. Kwa hiyo somo langu huwa fupi, kabla ya saa tatu, halafu kila mtu aende zake. Mtoto wa miaka mitano simpi ukindu. Nampa ukuti wa mnazi, wa bure, asuke saa ya mkononi na kinyoka, akichoka autupe pasipo mtu kuguna. Wa saba namwanzishia mkanda wa miyaa minne. Akifika miyaa minane ameshakuwa mtu wa kuchekwa, maana sasa ana makosa yanayojulikana.

Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Nina mjukuu wa kiume, mimi namwita Mume Wangu. Miaka miwili iliyopita, naye ana saba, aliomba asuke kama dada zake. Wanaume wa barazani wakacheka, ati ukili kazi ya wanawake. Nikawauliza madema yao ya kuvulia yanasukwa na nani. Wakanyamaza, mmoja akakumbuka ana shughuli sokoni. Mume Wangu akakaa na fungu lake, akasuka asubuhi nne mfululizo, akapata shibiri tatu. Ukingo mmoja ameukaza mpaka umeumia, wa pili umelegea, na ukili wenyewe ukajipinda kama ndizi. Nikamsifu, akalala kwa furaha.

Usiku nikaushika ule ukili karibu na taa. Mkono uliniwasha. Nikaufumua wote, ukindu ule ule, nikausuka upya mpaka ukanyooka kama ulipigwa rula. Nikauweka pale pale alipouacha, na wallahi nilijiona nimemfanyia hisani.

Asubuhi akauchukua, akaupitisha vidoleni mara moja tu.

"Wangu uko wapi?"

"Si huo?"

"Wangu ulikuwa na kijiti hapa."

Kijiti chenyewe ni ncha ya ukindu aliouunga vibaya, ikachomoza ubavuni. Mimi niliiona aibu, yeye aliifanya alama. Hakulia. Aliuweka chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaenda kucheza mpira. Likizo ile hakushika ukindu tena. Na mimi, niliyechukia kufumuliwa kazi yangu mchana kweupe, nilikuwa nimemfumulia mwenzangu usiku amelala. Mama yangu angalau alifumua mbele ya macho yangu.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mabibi wapya: msifumue. Ukipinda, upinde. Mwenyewe akikuuliza kwa nini umepinda, hapo mwonyeshe ukingo uliolegea, kaza mara mbili, mrudishie. Asipouliza, nyamazeni, mle tambuu, mtazame kuku. Najua ni kazi. Vidole vilivyosuka miaka hamsini huwashwa vikiona kosa. Mimi siku hizi nikiona nashindwa, naukalia mkono.

Mtaniuliza, na hizo kili zilizopinda tuzifanye nini? Mzishone. Mkeka wa kulalia mtu mmoja hutaka pima kumi na kitu, kwa kutegemea upana wa ukili. Humo hamkosi nafasi ya shibiri tatu za mtu. Mkeka ulio barazani kwangu una mikono ya watu watano. Katikati umepanda kidogo, na ukiweka kikombe cha chai kinaegemea upande wa kibla. Mgeni mmoja wa hotelini alipita akausimamia, akataka kuununua, akataja fedha ambayo mkeka wangu ulionyooka haujawahi kutajiwa. Walikuwepo wasukaji watatu, wanamtazama yeye, kisha wananitazama mimi. Nikasema hauuzwi. Akapandisha. Nikamkaribisha chai, akanywa, kikombe kikamwegemea, akacheka na kuondoka.

Sisemi msiuze. Nauza mikeka, nauza misala, nauza na vipepeo vya jikoni, na fedha naitaka kama mtu yeyote. Ila kazi ya kuuza naisuka peke yangu, baada ya alasiri, na ile ya asubuhi haina mteja. Nimeona bibi aliyevichanganya: wajukuu wakawa vibarua wake, anawahesabia pima, anawakata peremende wakichelewa. Sasa wakimwona na sanduku wanapita nyuma ya nyumba.

Na msikubali kugeuzwa dakhalia, bweni la watoto. Hili wengi mnaona haya kulisema, basi nalisema mimi. Mjukuu ni furaha, lakini wajukuu saba kuanzia alfajiri mpaka isha, siku sita, bila hata kibaba cha mchele, hiyo ni kazi, na wazazi wao wanajua kuwa ni kazi. Mimi Ijumaa mlango naurudisha. Mwanzoni walinuna, sasa wananiletea samaki.

Kuhusu simu sina mengi. Mnapigana na simu na simu inawashinda. Mtu aliyeshika miyaa minane mikononi hana kidole cha kugusia kioo, basi.

Ukili una fadhila nyingine, unaacha mdomo huru. Kofia haina hilo. Mimi nilishona kofia za viua zamani, na kofia inataka macho yako, pumzi yako na ukimya wako, tundu kwa tundu, kwa miezi. Macho yangu sasa hayafiki huko. Sindano natiliwa uzi na mjukuu wa miaka tisa, mara tano kwa siku, na kila mara anapiga mluzi kuonyesha lilivyo jambo jepesi. Huyo namwita Mke Mwenzangu. Ana ulimi. Basi tukisuka tunategana vitendawili. Vile vya kale wameshavichoka, "nyumba yangu haina mlango" wanajibu "yai" kabla sijamaliza, kwa hiyo nimewaamrisha watunge vyao. Siku moja Mke Mwenzangu akasema:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wanane wameingia, katoka mmoja."

Nikahangaika. Nikasema ni daladala iliyoharibika njiani. Nikasema ni mashua. Wote wanacheka. Nikampa mji. Nikampa Makunduchi, hakutaka. Nikampa Chake Chake, hakutaka. Akataka Maskati alipo shangazi yake, nikampa Maskati yote na masoko yake. Akaenda zake Maskati kwa maneno, akala halua, akarudi, akaniambia: "Umeishika, bibi." Nikaangalia mkononi. Miyaa minane, ukili mmoja. Miaka hamsini ninao vidoleni na sikuwahi kuuona hivyo.

Mume Wangu alirudi likizo iliyofuata. Sikumwita. Nilikuwa naanza mkeka mpya, nikasema kwa sauti, kama najisemesha, kwamba natafuta mtu wa kunipimia. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, na kila mtu ana pima yake. Akaja. Akanyoosha mikono, akaushika ukili huku na huku, akasema, "Moja." Nikamwambia pima yake ni fupi, mkeka ukihesabiwa kwa yeye utakuwa wa paka. Akasema basi tukate moja ya kwake, iwekwe, tuone itakuwa lini sawa na yangu.

Tukakata. Tangu hapo kila likizo ya Disemba nakata pima ya kila mjukuu, mmoja mmoja, naifunga kwa uzi wa rangi yake, naitia kwenye sanduku la chini ya kitanda. Kufuli halina. Wanalifungua wenyewe, wanazitandaza sakafuni, mwaka huu pembeni ya mwaka jana, wanagombana juu ya upana wa kidole kimoja. Ya Mume Wangu ya mwanzo ina kijiti ubavuni. Alikitia makusudi, akanitazama aone nitafanya nini. Sikukigusa.

Disemba hii nilianza na mkubwa wao, huyu anayechapa. Tulisimama uani kifua kwa kifua, mikono imenyooka, Mke Mwenzangu amepanda juu ya kinu kuwa hakimu. Vidole vya mtoto vimenipita nyanda tatu, upana wa vidole vitatu. Anasema niwaandikie nne.

Ni tatu.

Bibi yenu wa Jambiani